Kurasa 18 Zimekwenda Wapi?

Barua ya wazi kwa wahariri vijana wa majarida ya vyuo vyetu

Wanangu,

Shikamoo zenu nimezipokea, marahaba. Leo ucheshi sina.

Juma lililopita nilifungua tovuti ya jarida moja la chuo hapa nchini, nikitafuta makala niliyoisoma zamani. Kwenye orodha ya yaliyomo, makala ya tatu inaishia ukurasa wa 62. Ya nne inaanzia ukurasa wa 81. Nikapanda juu, nikashuka tena, nikabadilisha miwani. Kurasa 18 hazipo, na hakuna aliyeandika hata neno moja kwamba ziliwahi kuwapo.

Bahati mbaya yenu, mimi ni mtu wa zamani, nachapa kila ninachokisoma. Nikavuta faili langu la karatasi, makala ile nikaikuta imetulia. Nikampigia simu mhariri, kijana ninayempenda, niliyemfundisha mwenyewe kusoma prufu. Akanijibu kwa furaha: "Mwalimu, ile tulishaimaliza. Iliibwa kwenye tasnifu ya mwanafunzi, tukaitoa usiku. Hakuna aliyejua." Akaongeza kuwa mwandishi ni mtu mzima, anakaribia kustaafu, si vizuri kumvunjia heshima.

Hakuna aliyejua! Na alilisema kama anayenipa habari njema.

Funika kombe mwanaharamu apite. Mmelelewa na methali hiyo, nami nimelelewa nayo. Inafaa kwenye ugomvi wa majirani, inafaa pale shangazi anapotaka kuanza maneno ya zamani katikati ya harusi. Lakini makala ikishatoka haiko tena mikononi mwako. Iko kwenye simu ya mwanafunzi wa Mwanza, iko kwenye kompyuta ya mtafiti wa Kiswahili kule Bayreuth, Ujerumani, imeshanukuliwa katika tasnifu ambayo hutaiona kamwe. Ukiifuta, umeifuta kwako tu. Msomaji anaendelea kuinukuu bila kujua ni mali ya wizi. Aliyeibiwa hana pa kuonesha kuwa aliibiwa, kwa sababu ushahidi mmeutupa nyinyi. Na mwanaharamu, wanangu, hapiti. Anapandishwa cheo.

Taratibu za jambo hili hazijaanza jana. Wahariri wa majarida ya tiba wa Uingereza waliunda kamati yao ya maadili ya uchapishaji, COPE, mwaka 1997, kwa sababu kila mmoja alikuwa akihangaika peke yake na wezi wake na waongo wake. Miongozo yao mtu yeyote anaweza kuisoma bure. Makala iliyobatilishwa haiondolewi. Inabaki pale pale, imepigwa alama, na kando yake kuna tangazo linalosema nani anaibatilisha na kwa nini, na tangazo hilo halifungiwi nyuma ya malipo. Kuiondoa kabisa ni kwa mambo machache: amri ya mahakama, siri ya mgonjwa kuanikwa, kashfa dhidi ya mtu, hatari kwa afya ya watu. Heshima ya mtu anayekaribia kustaafu sijaiona kwenye orodha hiyo, na nimeisoma mara mbili.

Mtaniambia hao ni wakubwa, wana wanasheria. Wakubwa nao wamechemsha. Jarida la tiba la Uingereza, The Lancet, lilichapisha mwaka 1998 makala ya daktari Andrew Wakefield na wenzake, iliyochunguza watoto 12 tu, ikihusisha chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela na usonji. Mwandishi wa habari Brian Deer alianza kuifukua mwaka 2004, na mwaka huo huo waandishi wenza 10 wakaikana tafsiri yake. Jarida lenyewe liliibatilisha yote mwaka 2010. Miaka 12! Watoto wangapi walikosa chanjo hapo katikati kwa sababu ya hofu ile, Mungu ndiye ajuaye. Lakini hata baada ya aibu kubwa namna hiyo, makala haikufutwa. Ukiifungua leo ipo, imepigwa kwa herufi nyekundu kwamba imebatilishwa. Mzazi anayeletewa uvumi huo mtaani anaweza kwenda kuiona kwa macho yake.

Mwaka 2020, wakati wa korona, jarida hilo hilo likateleza tena, kwa makala kuhusu dawa ya hydroxychloroquine: wagonjwa 96,032 kutoka hospitali 671, takwimu za kampuni iitwayo Surgisphere. Watafiti waliohoji waliuliza, pamoja na mengine, ni hospitali zipi za Afrika zilizokuwa na kumbukumbu za kielektroniki za kina kiasi hicho. Swali ambalo muuguzi yeyote wa hapa kwetu aliyewahi kutafuta faili la mgonjwa kwenye kabati angeliuliza siku ya kwanza. Makala ilitoka Mei 22, ikabatilishwa Juni 4. Siku 13. Kumbe wakitaka wanaweza.

Na si kila kubatilisha ni kumchinja mtu. Mwanasayansi wa Marekani, Frances Arnold, alipata Nobeli ya kemia mwaka 2018. Mwanzoni mwa 2020 alitangaza mwenyewe, hadharani, kwamba makala yake moja inabatilishwa kwa kuwa matokeo yake yameshindwa kurudiwa, akaomba radhi kwa kutosimamia kazi vizuri. Nobeli yake hawakumnyang'anya, na watu wakamheshimu zaidi. Hilo ndilo mngemwambia yule mtu mzima wenu: njoo useme mwenyewe, tutakupa nafasi. Hamkumpa hata hiyo. Mlimhukumu bila kumsikiliza, kisha mkamsamehe bila yeye kuomba, yote katika usiku mmoja.

Sasa nikae chini, maana ninayewapigia kelele naye ana lake.

Miaka ya tisini nilikuwa mhariri wa jarida dogo, chumba kimoja, tapureta mbili, bahasha za kaki mpaka dirishani. Siku moja akaingia binti akiwa na tasnifu yake ya umahiri, ya jalada gumu la kijani, na mkono wa pili toleo letu jipya. Akaviweka mezani sambamba, hakusema kitu. Alikuwa amepiga mistari ya penseli pembeni, aya kwa aya. Utafiti wake ulihusu lugha ya makondakta wa daladala: alipanda magari yale kwa miezi minne akiwa na kinasa sauti ndani ya kikapu cha sokoni, makondakta wakidhani anakwenda kununua dagaa. Makala yetu ilikuwa na mifano yake, maneno yake, hata kosa lake moja la tahajia. Na katikati, kwa herufi tulizozipanga sisi wenyewe, ilisema: "kama nilivyoeleza katika sura ya pili."

Makala, wanangu. Makala haina sura ya pili. Wapitiaji wawili waliipitisha, nami nikaipitisha, kwa sababu jina lililokuwa juu lilikuwa la msimamizi wake, na jina hilo hatukuzoea kulihoji.

Nikamwambia binti, "Tutalishughulikia." Nikamwandikia bwana yule barua ya faragha. Akaja ofisini, akakiri nusu, akaapa hatarudia, tukanywa chai. Basi. Halikuchapwa hata lile karatasi dogo la masahihisho tulilozoea kulichomeka kati ya kurasa. Miaka kadhaa baadaye nikapewa tasnifu nyingine ya kusahihisha, nikakuta sentensi za yule binti zimenukuliwa kwa heshima zote, na mbele yake kwenye mabano, jina la msimamizi. Niliiwekea alama nzuri. Ningesema nini?

Kwa hiyo nikikwambieni kombe lililofunikwa linanuka, mimi nimeshaishi nalo nyumba moja.

Najua pia mnachokiogopa, na si woga wa kijinga. Mhariri wa kwetu halipwi. Ni mhadhiri mwenye vipindi vingi kuliko vidole, anahariri usiku kwa bando lake mwenyewe. Yule profesa anayetakiwa kuandikiwa ndiye anayekaa kwenye kamati itakayopokea faili la mhariri la kupandishwa daraja. Na vyuo vyenyewe? Vinahesabu makala kama magunia ya korosho ghalani: ngapi, si zipi. Mtu akiambiwa bila makala kadhaa hapandi, na muda ni huu, mnatarajia nini? Wengine wanaiba, wengine wananunua. Mwaka 2013 mwanahabari John Bohannon alituma makala ya uongo, yenye makosa ya wazi, kwa majarida 304, na 157 yakaikubali. Waandishi wa uongo aliwabunia majina na taasisi za Kiafrika, sijui nicheke au ninune. Wakuu wa vyuo wanaosoma barua hii wajue: mhariri mtoto wa watu hawezi kuzuia kwa mkono mmoja mafuriko ambayo nyinyi mmeyafungulia bomba.

Lakini woga una dawa ndogo ndogo. Usiamue peke yako. Ita bodi, andika muhtasari. Mwandikie mwandishi, mpe wiki kadhaa ajibu. Chuo chake ndicho kichunguze, wewe si polisi. Uchunguzi ukichelewa, weka tangazo la tahadhari juu ya makala ili msomaji ajue kuna shaka. Tangazo liandikwe kwa maneno makavu: makala hii ina sehemu kubwa iliyotoka katika kazi fulani ya fulani bila kumtaja. Usiandike mwizi, usiandike aibu, usiweke mahubiri. Mahubiri niachieni mimi.

Mengine nitayasema mbio, mnayajua. Usichapishe makala zako mwenyewe kwenye jarida unalolihariri. Ukilazimika, mwenzako aishughulikie mwanzo mpaka mwisho, wewe toka chumbani. Mpitiaji asiwe shemeji wa mwandishi wala adui yake. Usimlazimishe mtu anukuu jarida lako ili takwimu zipande. Jina la mkuu wa idara lisipande kwenye orodha ya waandishi kwa sababu tu gari lilikuwa la idara. Utafiti wa watu uwe na kibali cha maadili, na ukisome chenyewe, usiridhike na namba yake. Makala ya mwanafunzi isilale kwenye droo mwaka mzima huku ya mkubwa ikipita kwa wiki mbili. Ada ya kuchapisha, itajwe mapema. Na kama mwandishi ametumia programu ya akili unde, aseme.

Nirudi kwenye kurasa zangu 18. Kijana wangu, unajijua. Sikukutaja na sitakutaja. Rudisha faili lile mahali pake, ukurasa wa 63 mpaka wa 80, uweke tangazo juu yake na jina la mwanafunzi aliyeibiwa. Yule mtu mzima akija juu, mwambie aje kwangu, chai ipo.

Nami nimeanza na langu. Jarida letu la zamani bado linatoka, na mhariri wake wa sasa amekubali kuchapa tangazo nililoliandika, mistari sita, baada ya miaka yote hiyo. Kabla ya kulipeleka nilimtafuta yule binti. Siku hizi ni mama mstaafu, alifundisha sekondari maisha yake yote, chuoni hakurudi. Nilipojitambulisha kwenye simu alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Ya sura ya pili?" Nikamsomea tangazo polepole. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema hana neno, ila jina nimelikosea: nimemwandika kwa jina la mume, na tasnifu aliiandika kwa jina la baba yake.

Nimelirekebisha.

Wenu,
Mhariri mstaafu,
Dar es Salaam