Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: mkasi usitangulie kipimo

Mheshimiwa Waziri, shikamoo.

Naandika nikiwa Uyole hapa Mbeya, na naomba hii usiichukulie kama lawama kwa manesi na madaktari wetu, hao tunawaona wanavyokesha. Shida ni mdogo wangu, kaolewa Rungwe, mimba zinashika vizuri tu halafu zikifika miezi mitatu minne zinatoka, na unajua huku kwetu ikitoka ya pili tu ukweni wanaanza vikao, mara karogwa mara alichoma sindano za uzazi wa mpango akiwa binti, ilimradi kosa liwe lake.

Akaenda kupiga ile eksirei ya kizazi, wanapitisha dawa kwenye mlango wa kizazi ndo wanapiga picha (inauma jamani, wanaosema ni kama hedhi tu hawajapimwa wao). Ikaonyesha ndani kumegawanyika mbili. Daktari wa kwanza akasema kuna ukuta katikati, wa pili akaangalia picha hiyohiyo akasema hapana, kizazi chenyewe kina pembe mbili.

Mheshimiwa hayo ni mambo tofauti kabisa. Kizazi kinaanza kama vijirija viwili mtoto akiwa bado tumboni mwa mama yake, vinaungana, kisha ukuta wa katikati unayeyuka. Visipoungana vizuri huko juu zinabaki pembe mbili, vikiungana ila ukuta ukagoma kuyeyuka ndo septamu. Septamu inakatwa kwa kamera nyembamba inayopita ukeni, histeroskopi, tumbo haliguswi na wengi wanarudi nyumbani siku hiyohiyo. Pembe mbili hazikatwi hivyo, ukijichanganya unatoboa kizazi. Na eksirei inaona ndani tu, umbo la nje haioni, ndo maana inatakiwa utrasaundi ya 3D au MRI (ile mashine ya kupiga picha kwa sumaku), au kamera ya kupitia kitovuni.

Tulivyoulizia hivyo vipimo jibu likawa nendeni Dar. Kilomita zaidi ya 800, nauli, pa kufikia, mume aache migomba na chai yake. Katikati ya hayo kuna aliyemshauri apasuliwe tu tumbo hukuhuku kizazi kirekebishwe, yani kipasuliwe kabla hatujajua kina nini, halafu akija kushika mimba azae kwa kisu.

Wala sisemi kila ukuta ukatwe. Kuna utafiti wa 2021, mdogo tu, wanawake 80, haukuona kama waliokatwa walizaa zaidi ya walioachwa, na wataalamu bado wanabishana. Sasa kama wenyewe wanabishana si ndo tunahitaji zaidi mtu wa kuangalia vizuri kabla ya kushika mkasi?

Kwa hiyo naomba hivi. Msituletee mashine peke yake ikakaa stoo na nailoni lake, msomeshe kwanza madaktari wa kanda hii, na wakati wanasoma zile kambi za madaktari bingwa zije na mtu wa histeroskopi. Halafu kwenye Bima ya Afya kwa Wote, sheria yake si ilipita 2023, tuambiwe wazi hivi vipimo vimo kwenye kitita au havimo, mdogo wangu ajue auze ng'ombe au asubiri.

Kazi njema mheshimiwa.

Dada mtu, Uyole