Mhariri, bodi ya gari la rimoti inapakwa kwa ndani

Mhariri,

Kwanza poleni na kazi. Mi ni msomaji wenu wa siku nyingi, gazeti lenu linafika hapa gereji Nyakato asubuhi tukiwa kwenye chai na linazunguka mikononi mwa watu hata saba kabla sijalipata, na ule ukurasa wa vijana na ufundi naukataga kabisa naweka kwenye droo. Sasa wiki iliyopita mmeandika habari ya vijana wa hapa Mwanza wanaocheza magari ya rimoti, nimefurahi mno maana hawa watoto nawajua, jioni wanakimbiza vigari vyao kwenye kiwanja cha vumbi nyuma ya gereji yetu na sisi tunasimamisha kazi tunaangalia. Ila kule mwishoni mkasema kijana akitaka gari lake lipendeze anunue stika abandike, au achukue spreya ya kawaida apulize juu ya bodi. Hapo nimeshindwa kunyamaza. Mi ni fundi rangi mwaka wa 19 huu, na hilo kosa nimelifanya kwa mkono wangu mwenyewe kwenye mali ya mtu, sitaki mtoto mwingine alirudie kwa sababu amelisoma gazetini.

Tuelewane kwanza bodi yenyewe ni nini. Sizungumzii vile vigari vya watoto vya sokoni vyenye plastiki ngumu, nazungumzia haya magari ya wanaocheza kweli, yale ya saizi ya moja ya kumi ya gari halisi. Bodi yake inakuja bila rangi kabisa, inaangaza kama chupa ya maji ya kunywa, nyembamba, milimita moja au haifiki. Ile plastiki inaitwa polikaboneti, ndo hiyohiyo ya vioo vya taa za mbele za magari ya siku hizi, na sifa yake ni kwamba ikigongwa inabonyea alafu inarudi, haipasuki hovyo. Sasa we fikiria mwenyewe, kitu kinachobonyea na kurudi kutwa nzima ukikipaka rangi ngumu ya gari kwa nje rangi itakaa vipi? Inabanduka magamba. Na hata isipobanduka, kwa nje ndo kuna kokoto na ukuta, siku mbili tu mikwaruzo mitupu.

Ndo maana bodi hizi zinapakwa kwa NDANI. Plastiki yenyewe inabaki nje kama ngao na rangi inaonekana kupitia humo, ina mng'ao ambao hata kliakoti ya gereji, ile rangi angavu ya kumalizia juu, haiutoi.

Mi sikujua. Miaka mitatu iliyopita kijana mmoja akaniletea bodi mpya, ya pikapu, akaniambia fundi nipigie bluu na moto wa njano mbele. Nikaichukulia kama bampa la gari, nikapiga msasa kwa nje, nikaweka praima, nikapuliza rangi niliyochanganya na tina, ile dawa ya kuyeyushia rangi ya gari. Na hiyo rangi dukani niliuliza kabisa inafaa plastiki gani nikajibiwa plastiki zote. Ilivyokauka ilikuwa nzuri, siwezi kukataa, kijana akaondoka anacheka. Siku ya nne akarudi nayo. Kwenye tao la tairi la mbele kulikuwa na nyufa ndogondogo kama mguu wa buibui, tina ilikuwa imeila ile plastiki, na bluu yangu yote ya upande mmoja imebaki kiwanjani. Hakunigombeza. Alisema tu bodi ile alinunuliwa na dada yake aliyeko Dar. Nilimlipa bodi nyingine na tangu siku hiyo nikaanza kujifunza hii kazi kuanzia sifuri kama mwanafunzi wa gereji.

Na katika kujifunza ndo nikakutana na maski ya maji, na hii, Mhariri, ndo sababu hasa ya barua yangu maana kwenye habari yenu haimo kabisa.

Sisi mafundi tumezoea masking tepu na gazeti. Kwenye bodi ya gari la kweli hamna shida, eneo ni kubwa. Ila ndani ya bodi ya rimoti kuna kona, mikunjo, matundu ya taa, mbonyeo kila sehemu, tepu inakunjamana na rangi inapenya chini yake, mstari unatoka kama umechorwa na mtu anayetetemeka. Maski ya maji ni kimiminika kizito kama uji mwepesi, unakipaka ndani ya bodi yote kwa brashi, kikikauka kinakuwa ngozi moja kama ya glavu za hospitali, imeshika kila kona. Alafu unachora unachotaka, unakata kwa kisu, unachuna kipande kimoja, unapuliza rangi, unachuna kingine, unapuliza. Basi. Chochote unachoweza kukichora kwa mkono unaweza kukipaka, hata nywele za simba.

Lakini ina masharti na yeyote atakayeniiga naomba ayasome taratibu. Bodi inaoshwa kwanza na maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, ndani, maana inatoka kiwandani na mafuta ya kwenye kalibu, ukiyaacha rangi haishiki. Ikishakauka usiiguse kwa ndani na vidole. Vibandiko vya kuziba madirisha yasipate rangi vinawekwa kwa ndani kabla ya kitu chochote. Alafu maski, na hapa watu wengi ndo wanaharibu kwa haraka. Koti moja, yaani kupaka mara moja, haitoshi, mi napiga tatu mpaka nne, kila moja nasubiri ikauke ndo nafuata nyingine. Ikiwa mbichi ina weupe wa maziwa, ikikauka ule weupe unapotea inaangaza, ukiona bado kuna weupe kwenye kona ujue pale pametuama na hapajakauka, usiguse. Mi naipaka jioni naikata kesho yake. Ukiiweka nyembamba itakusumbua kuchuna, inakatika vipandevipande na utakaa na kibano usiku mzima. Na usitake kuiwahisha na draya ya saluni kwenye moto mkali, inatoa mapovu. Kuna rafiki zangu waliniambia nijaribu gundi nyeupe ya mbao kwa sababu maski haipatikani, nimejaribu, ilinitoka kama ukoko wa wali, sishauri.

Hapa kwetu kuna tatizo lingine ambalo sidhani fundi wa Ulaya analijua. Wale wadudu wa ziwani wanaopanda kutoka majini kama moshi, wakifika mjini jioni wanafuata taa, na maski mbichi kwao ni ulimbo. Nilishapoteza kazi ya siku nzima, nikakuta ndani ya bodi wadudu wamejaa wamenasa. Siku hizi nikishapaka nafunika na ndoo kubwa safi, nimeinua ukingo kidogo na vijiti hewa ipite, ukingoni nimezungushia kipande cha neti, na taa nazima.

Kukata sasa. Kwa nje bodi inakuja na karatasi ya nailoni ya kuikinga, basi mchoro unachorwa juu ya ile nailoni na kalamu ya wino, ukigeuza bodi unauona kupitia plastiki na unaufuata kwa ndani. Kisu natumia wembe wa upasuaji namba 11, ule wenye ncha, unapatikana maduka ya dawa, na naweka mpya kila bodi. Usikandamize. Uzito wa kisu chenyewe unatosha, unakata ngozi ya maski tu, usifike kwenye plastiki. Mkono ukizidi unaacha mchirizi ambao hata huuoni kwa macho, ila siku gari linagonga tofali ufa unaanzia palepale, unafuata mstari wako wote kama karatasi iliyokunjwa.

Kingine kinachowachanganya mafundi wenzangu ni mpangilio wa rangi, maana ni kinyume cha kila tulichofundishwa. Gereji unaanza na rangi ya chini unamalizia na urembo juu. Huku rangi ya kwanza kupuliza ndo itakayoonekana mbele ya zote, kwa hiyo urembo unaanza, kivuli kinaanza, mstari mweusi unaanza, na rangi kubwa ya bodi inakuja mwisho. Nitoe mfano wa kazi niliyomaliza mwezi uliopita, kijana wa Igombe baba yake mvuvi alitaka sangara ubavuni mzima. Nikakata kwanza mistari ya magamba na duara la jicho, vyembamba sana, nikachuna kwa kibano, nikapuliza nyeusi. Alafu nikachuna mgongo nikaweka bluu ya giza. Alafu tumbo, fedha. Kuna raha moja hapo, fedha ikirukia juu ya nyeusi huna haja ya kuziba tena kwa sababu nyeusi iko mbele yake, mtazamaji haioni ile fedha iliyoko nyuma. Ndo maana tunatoka rangi nzito kwenda nyepesi. Mwisho nikachuna maski yote iliyobaki, ilitoka kipande kimoja kikubwa kama ngozi ya nyoka, nikapuliza chungwa ya jua la jioni, na nyuma ya chungwa nikaweka nyeupe ili isififie, ndo nikafunga na nyeusi. Usipoweka nyeupe katikati ile nyeusi inaipitia chungwa inakuwa kama kutu.

Makoti yawe mepesi, la kwanza ni vumbi tu. Ukimwaga rangi nyingi mara moja inatambaa chini ya maski na kazi ya kisu imepotea. Na rangi iwe ya polikaboneti, imeandikwa kwenye kopo. Kwa mfano Tamiya wa Japani wana makopo yanayofanana kabisa, yaliyoandikwa PS ndo ya bodi hizi, yaliyoandikwa TS ni ya plastiki ngumu, nimeona watu wanachukua TS kwa sababu ya rangi ya kifuniko alafu wanalaumu bodi. Pia vaeni maski ya puani, hiyo ni maski nyingine, msichanganye, zile rangi za kopo harufu yake inaingia kifuani na vijana wengi wanapulizia chumbani kwa kulala.

Sasa turudi kwenye stika zenu. Sina ugomvi na stika ndogo za taa na namba, hizo hata mi naweka. Ila mkimwambia kijana wa Mwanza urembo ni kubandika, mnaniumiza, kwa sababu mi nimekulia kwenye brashi. Nilianza kwa kuandika majina kwenye mitumbwi pale Mwaloni Kirumba, baadaye daladala, herufi zenye kivuli, ua, macho ya tai, kila gari na mkono wa fundi wake ukipita barabarani watu wanajua hii ya fulani. Alafu zikaja mashine za kukata stika na ile kazi ikaisha mbele ya macho yetu, wenzangu wawili waliokuwa na mkono mzuri kuliko wangu sa hivi mmoja ana bodaboda na mwingine karudi Sengerema kulima. Mi nilidhani ule ustadi umekufa. Kumbe siku niliyoshika maski ya maji mara ya kwanza, mkono ulijua wenyewe, kukata mkunjo wa herufi S kwa pumzi moja bila kuinua kisu ni kilekile nilichokuwa nakifanya na brashi ubavuni mwa mtumbwi, tena hapa ukikosea kabla hujachuna unapaka tena maski unakata upya.

Kwa hiyo naomba mambo mawili, Mhariri. Kwanza rekebisheni ile habari, semeni wazi bodi ya polikaboneti inapakwa kwa ndani na tina ya gari isiikaribie. La pili ni kwa wenye maduka ya rangi hapa mjini, leteni maski ya maji hata chupa chache. Mi naagiza Dar inakuja na basi, ikichelewa wiki kazi imelala, na kijana wa shule hawezi kuagiza hivyo. Bodi za kujifunzia zipo, mi nina zilizopasuka sita nimening'iniza ukutani, natoa bure kwa anayetaka kujaribu kisu.

Yule kijana wa kwanza, wa bluu na moto wa njano, nilimfanyia ile kazi upya mwaka jana kwenye bodi mpya, bila malipo. Nikamwachia yeye mwenyewe achune ile nailoni ya nje, maana mpaka hapo kila kitu unakiona kwa ukungu, umeandika wino juu, kuna vumbi la rangi, huwezi kujua kama umepatia. Aliianzia kwenye kona ya boneti, taratibu, tukasikia inachanika srrrr mpaka nyuma. Alikaa kimya ameishika, akaigeuza upande wa mlango, akapitisha kidole kwenye ncha ya moto akashangaa kwamba haina ukingo, ni laini kama kioo. Akaniuliza fundi, mi naweza kukata inayofuata? Sa hivi anakata mwenyewe, kila Jumamosi yuko hapa.

Wenu,
Fundi rangi, Nyakato, Mwanza