Sakafu yako isibandikwe Jumamosi

Mafinga, Julai

Mwenzangu,

Kamwene! Unasema sakafu ya sebule imepigwa Jumatatu na fundi anataka kubandika marumaru Jumamosi hii. Nakuomba sana, mzuie.

Mwaka juzi mimi nilikubali. Fundi aliniambia, "Mama, mbona imeshakauka, ona ilivyo nyeupe." Kweli ilikuwa nyeupe, lakini hakuna aliyeimwagilia hata siku moja. Miezi miwili baadaye nikipita na fagio nasikia marumaru zinalia kama kibuyu kitupu. Nilibandua moja. Nikakwangua chini yake kwa kucha, sakafu ikatoka unga, kama dona kinuni. Nililia, maana ile pesa ilikuwa ya viazi vya msimu mzima.

Sakafu inakomaa kwanza, ndipo inakauka. Saruji hukaza kwa kunywa maji, na huko Uyole jua la mchana na upepo huyanyang'anya kabla haijashiba. Kwa hiyo mwagilieni asubuhi na jioni siku 7, mkiifunika kwa nailoni au magunia ya katani yaliyolowa. Baridi ya usiku wa Julai huichelewesha saruji, ndiyo maana niliporudia yangu niliifikisha siku 10. Kupita juu yake kwa miguu baada ya siku 3 si neno. Toroli la matofali, hapana.

Mkishaondoa nailoni, acheni madirisha wazi ikauke yenyewe. Hesabu ya mafundi ni milimita moja kwa siku, hewa ikiwa nzuri. Yako ya sentimita 4 inataka kama siku 40, na ukungu ukitanda huenda zaidi. Fundi wako atanung'unika. Mwache anung'unike. Hata akikubana vipi, wiki 4 zitimie kwanza. Na jiko la mkaa la kuiharakisha msiingize kabisa: litaipasua, na hewa yake kwenye chumba kilichofungwa inaua.

Kabla ya kubandika, gundisha kipande cha nailoni sakafuni, kingo zote zizibwe kwa utepe wa gundi, ukiache usiku na mchana. Ukikifunua ukaona matone au weusi wa unyevu, subirini tena.

Kama hamjaanza kumwagilia, anzeni leo jioni. Jumapili nakuja kwa basi la asubuhi, nikukute na ndoo.

Mwenzio wa Mafinga