Safari ya Calais: tafadhali msome wote

Wapendwa, habari za jioni. Hii ni safari yetu ya kujitolea kuwasaidia wakimbizi walioko Calais, Ufaransa. Feri yetu inaondoka Dover Ijumaa saa kumi na mbili asubuhi, kwa hiyo tukutane bandarini saa kumi na nusu. Mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya ahakikishe ana viza ya Schengen, yaani ya kuingia Ufaransa na nchi nyingi za Ulaya. Kibali cha kuishi Uingereza peke yake hakimwingizi mtu Ufaransa.

Kazi nyingi ni ya ghalani: kupanga nguo, kumenya vitunguu, kupasua kuni. Kambi kubwa ya wakimbizi ya Calais ilibomolewa Oktoba 2016, lakini watu hawakwisha. Wanalala vichakani, polisi huja kuwahamisha mara kwa mara, na mahema huchukuliwa. Ndiyo maana tunaomba mahema na viatu vya kiume, namba 41 hadi 43. Magauni na suti tafadhali yabaki nyumbani.

Hili nalisisitiza: tusipige picha za watu. Wengi wametoka Sudan, Eritrea na Afghanistan, na sura ikisambaa mtandaoni inaweza kumfikia yule waliyemkimbia. Wala tusimhoji mtu alivyopita Libya njiani kuja Ulaya. Msalimie, mpe chai, msaidie kuchaji simu maana ndiyo inayomfikisha kwa mama yake. Akitaka kusimulia, atasimulia mwenyewe.

Wanaojua Kiarabu, nawahitaji sana kwenye ugawaji. Mama zetu wa jikoni, leteni bizari na ile sufuria kubwa. Asiyeweza kuja achangie mafuta ya gari. Nitumieni majina leo kabla ya saa nne usiku.