Barua ya wazi kwa wazazi wenzangu wa Kitchener, Kanada: moshi ule si uchawi

Kaka zangu, dada zangu, nanyi vijana niliowapokea uwanja wa ndege watoto wenu wakitetemeka ndani ya khanga,

Tumsifu Yesu Kristo.

Ninaandika nikiwa na uchungu. Jumapili iliyopita, baada ya Misa ya Kiswahili, tulikuwa ukumbini tunakunywa chai. Baba mmoja akasimama, akatangaza kwamba amemwandikia mwalimu mkuu: binti yake asihudhurie tena zile asubuhi ambazo mzee wa Kianishinaabe, taifa mojawapo la Wenyeji wa asili wa Kanada, huja shuleni kufukiza. "Ni matambiko," akasema. "Hatukuvuka bahari ili shule ya Kanisa iwafundishe watoto wetu uchawi." Watu wakapiga makofi. Mama mmoja akaongeza kwamba hata shati la rangi ya machungwa la Septemba 30, siku ya kuwakumbuka watoto wa Wenyeji wa asili waliopelekwa shule za bweni, hamnunulii mwanawe, maana hayo ni mambo ya Wahindi Wekundu na wazungu wao. Mimi nilitazama kikombe changu nikanyamaza, na kunyamaza kule kumeninyima usingizi wiki nzima. Ninayoyaandika hapa ndiyo niliyopaswa kuyasema pale.

Nianze na moshi. Mzee yule nimemwona kwa macho yangu, kwa sababu siku za Alhamisi huwa naenda shuleni kuwasomesha watoto. Huweka majani makavu ndani ya kombe la baharini, huyawasha, huyapepea kwa unyoya. Mtoto anayetaka husogea, akauchota moshi kwa viganja kama anayenawa, akaupitisha machoni, masikioni, mdomoni, kifuani, ili aone mema, asikie mema, aseme mema. Asiyetaka hukaa kitini na hakuna anayemsumbua. Sasa niambieni. Jumapili ileile padre alikuwa ametikisa chetezo mbele ya altare, ubani ukapanda hadi darini, na sote tukainamisha vichwa. Aliyekulia Mombasa amefukiziwa udi tangu yuko mikononi mwa nyanyake. Moshi wetu ni sala, wa mwenzetu ni uchawi? Na Mtakatifu Kateri Tekakwitha, aliyetangazwa mtakatifu mwaka 2012, tunayemwomba atuombee, alikuwa Mmohawk, binti wa Wenyeji wa asili hawahawa mnaowaogopa. Nani alitufundisha kupima watu hivi?

Aliyetufundisha namjua, kwa sababu alinifundisha mimi.

Mimi ni Mtaita. Niliingia shule ya misheni mwishoni mwa miaka ya 1950, Kiingereza sina, Kiswahili changu cha kuokoteza sokoni. Palikuwa na kipande cha mbao kilichotobolewa na kutiwa kamba ya katani. Tulikiita disiki. Ukiteleza ukasema Kidawida, unavishwa shingoni, unazunguka nacho mpaka umsikie mwenzako akiteleza, nawe umvishe. Atakayekutwa nacho kengele ya jioni ikilia, fimbo zote ni zake. Tulifundishwa kuwindana. Siku moja mdogo wangu wa kike alianguka, goti likachanika, akamlilia mama kwa lugha ya mama. Mimi ndiye niliyekuwa nimevaa disiki. Nikamkimbilia, nikamvisha akiwa bado amekaa chini, na kengele ikalia. Alama ya ile katani shingoni mwake naikumbuka hadi leo, na yeye amekwisha kutangulia mbele ya haki.

Hata hivyo jioni tulirudi nyumbani, mama akatupikia, akatusemesha Kidawida. Hapa Kanada mtoto hakurudi jioni. Zaidi ya watoto 150,000 wa Mataifa ya Kwanza, Wametisi na Wainuiti, ndio Wenyeji wa asili wa nchi hii, walichukuliwa wakapelekwa shule za bweni, na shule ya mwisho haikufungwa hadi miaka ya 1990. Walinyolewa nywele, wengi wakaitwa kwa namba, wakapigwa kwa kusema lugha zao. Maelfu walifia huko. Zaidi ya nusu ya shule hizo ziliendeshwa na mashirika ya Kanisa letu. Kule Fort Albany, ndani ya mkoa huuhuu wa Ontario, watoto walikalishwa kwenye kiti cha umeme, na wamelisimulia hilo wakiwa watu wazima.

Na lile shati, mama yangu, si la wazungu wao. Mwaka 1973 msichana wa miaka sita, Phyllis Webstad, alinunuliwa na bibi yake shati jipya la rangi ya machungwa la kuendea shule. Siku ya kwanza tu akavuliwa, hakurudishiwa tena. Shule yenyewe ilikuwa misheni ya Kikatoliki. Wewe uliyemnunulia mwanao viatu vya kwanza vya shule kule kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, ukavifunga kamba mwenyewe, hilo unalielewa kuliko mtu yeyote.

Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Kanada ilisikiliza maelfu ya walionusurika shule hizo, na mwaka 2015 ikatoa miito 94 ya kuchukua hatua. Mmoja ulimtaka Baba Mtakatifu aje aombe msamaha katika ardhi hii. Papa Fransisko alikuja. Julai 25, 2022, mzee wa miaka 85 kwenye kiti cha magurudumu, alikwenda Maskwacis akaomba msamaha. Papa alikwenda kwao kuomba radhi, sisi tunawaandikia walimu barua kuwatoa watoto?

Nami siwasemi ninyi peke yenu, Kanisa nalo lina deni. Mashirika yaliyoendesha shule hizo yaliahidi kufanya kila juhudi kuchangisha dola milioni 25 kwa ajili ya walioumizwa, na zikapatikana chini ya milioni 4, wakati makanisa makubwa yanajengwa na kukarabatiwa. Ilibidi nchi itikiswe na habari za yanayodhaniwa kuwa makaburi ya watoto katika shule hizo mwaka 2021 ndipo maaskofu wakaahidi milioni 30. Na kwetu Kenya, Waogiek walifukuzwa Msitu wa Mau, makao ya mababu zao, hadi wakaenda kushinda kesi katika Mahakama ya Afrika kule Arusha mwaka 2017, na hukumu ile bado haijawarudisha msituni. Dhambi hii haina rangi moja.

Hata ardhi tunayosalia ina wenyewe. Mwaka 1784 Wahaudenosaunee, muungano wa mataifa ya Wenyeji wa asili ambamo Wamohawk wamo, walipewa kwa maandishi maili 6 kila upande wa mto Grand, toka mdomoni hadi chanzo chake. Kitchener imo humo. Leo wamebaki na chini ya asilimia 5. Mtaita aliyechungulia shamba la babu yake kupitia safu za mkonge, na malisho yake yakawa mbuga ya Tsavo, hahitaji kufafanuliwa.

Mengine nayataja tu. Kama shule inafundisha Kiingereza cha darasa la 11 kwa maandishi ya Wenyeji wa asili, usimhamishe mtoto. Nendeni kwenye baraza la wazazi hata kama Kiingereza kinawapiga chenga, ombeni mkalimani. Tangu 2022 darasa la 9 halitenganishi tena watoto kwa ngazi, lakini mchujo unaanza darasa la 10, na watoto weusi na wa Wenyeji wa asili ndio wamekuwa wakisukumwa chini miaka yote. Mkiambiwa mtoto hesabu hawezi, ombeni sababu kwa maandishi. Akisimamishwa shule, msiende peke yenu. Binti mwenye mdomo mwacheni agombee kiti cha wanafunzi kwenye bodi ya shule. Na nyumbani semeni Kibembe, semeni Kifuliiru, semeni Kiswahili.

Wanangu, najua wengi mnasoma haya mkiwa mmetoka zamu ya usiku kiwandani, miguu imevimba. Najua hofu yenu ni moja, mtoto asipotee katika nchi ngeni. Nimeililia hofu hiyo pamoja nanyi. Lakini watoto wetu wanakaa dawati moja na wajukuu wa waliovuliwa mashati, na wanatusikia tunavyowasema tukiwa mezani.

Baba uliyesimama Jumapili, nakuheshimu. Uje kwangu jioni yoyote, tuandike barua nyingine kwa mwalimu mkuu. Wewe utasema kwa Kiswahili, mimi nitaandika kwa Kiingereza.

Jumamosi ijayo nakwenda Brantford, chini ya saa moja kutoka hapa. Ile shule ya bweni bado imesimama, ya matofali mekundu, katika uwanja wa Kituo cha Utamaduni cha Woodland. Hiyo ilikuwa ya Waanglikana, lakini uji ni uleule: watoto walilishwa uji wa majimaji hata shule yenyewe wakaiita shimo la uji. Gari langu lina nafasi sita. Tutaondoka uwanja wa kanisa saa tatu asubuhi. Njoo na binti yako, umkalishe mbele.