Mwaka huu tulikata kona Segera

Kimara, Dar es Salaam
Januari

Somo yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa upendo mwingi, wewe, shemeji na watoto. Huku kwetu sote tu wazima, isipokuwa mdogo ambaye amerudi na mafua ya Marangu, na kwa kuwa shule zimekwisha kufunguliwa, mafua hayo sasa ni mali ya darasa zima. Barua yako ilinifikia mwishoni mwa Novemba, wakati nikihangaika na sherehe ya kipaimara ya binti yangu mkubwa, na ndiyo maana nimechelewa kukujibu. Sherehe yenyewe sitaisimulia kwa urefu: kwaya iliimba vizuri, chakula kilitosha, na michango ya ndugu ilifika katika siku za mwisho kama kawaida yake.

Uliniuliza swali moja ambalo limenikaa moyoni kipindi chote hiki, kwamba ninawezaje kuwabeba watoto kila Desemba na kuwapeleka Marangu kwa wazazi wa baba yao, huku kwetu Muheza wakikujua kwa kusikia tu. Ukaongeza kuwa huko Newala wakwe zako bado wanahesabu ukoo kwa upande wa mama, kwa desturi ya zamani ya Wamakonde, hivyo shemeji anatazamiwa kuwa mjomba mwema kwa watoto wa dada zake, na watoto wako wanaonekana kuwa ni watu wa kwenu. Nilicheka peke yangu niliposoma hayo. Wewe umepata watoto ambao ukoo wa baba unakuachia bila ugomvi, na mimi nimepata watoto ambao walipewa kwao kabla hawajafunua macho, nasi sote wawili tumekulia mtaa mmoja na kunywa maji ya bomba moja.

Nianze na namna walivyopewa kwao huko. Nilipojifungua yule mkubwa, mama mkwe alishuka kutoka Marangu na mkungu wa ndizi mshare, akashika jiko langu na kunipikia mtori asubuhi na jioni, akiponda ndizi na nyama mpaka vikawa kitu kimoja laini. Mama yangu naye alikuwa amekuja na pilipili manga yake kwa ajili ya uji wa mzazi, kama tunavyofanya Pwani. Kwa muda wa majuma kadhaa nililishwa na mikoa miwili iliyokuwa ikishindana kwa adabu kubwa, kila mmoja akimwambia mwenzake kwamba chakula chake ni kizuri sana, na kila mmoja akisubiri mwenzake alale ili aniletee bakuli lake. Katika jambo la majina hapakuwa na mashindano, kwa maana kwa Wachagga utaratibu unajulikana: binti wa kwanza huchukua jina la bibi mzaa baba, na mwana wa kwanza la babu mzaa baba. Wale wa pili ndio huwaendea wazazi wa mama. Kwa hiyo ilinibidi kusubiri mtoto wa tatu, binti wa pili, ndipo jina la mama yangu lilipopata mtu wa kulibeba.

Kuhusu Desemba, nisikudanganye kwamba ninakwenda kwa shingo upande. Ninapenda. Nimewaona wanangu wakikua kule kwa namna ambayo Dar es Salaam hainionyeshi. Huku mjini ukuaji wa mtoto uko katika karatasi: kadi ya kliniki yenye mstari wa uzito na chanjo ya surua ya miezi tisa, kisha ripoti ya shule, kisha matokeo ya darasa la nne. Kule kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo, mtoto hupimwa kwa kazi anayoaminiwa. Mwaka wa kwanza anabebwa tu na kuonyeshwa kwa shangazi. Ukifika wakati wake, anatumwa kupeleka majani kwa ng'ombe wa ndani, tena kidogo kidogo, kwa sababu ng'ombe wa kule hawaendi malishoni, bali majani ndiyo huwafuata zizini. Baadaye anaruhusiwa kuchuma kahawa zilizoiva bila kuvunja tawi, na ole wake atakayechuma mbichi mbele ya babu. Binti yangu mkubwa alipopewa kisu na kukalishwa karibu na bibi yake amenye ndizi za machalari, alirudi kwangu akinionyesha viganja vilivyokuwa vyeusi kwa utomvu, na sijawahi kuona mtoto akijivunia uchafu kiasi kile. Kijana naye mwaka huu ameitwa kwa mara ya kwanza na baba zake wadogo kushika miguu ya mbuzi wakati wa kuchinja. Hakusema neno mchana kutwa, lakini jioni nyama ilipogawanywa kwa kufuata ukubwa wa watu, naye akapewa fungu lake mkononi badala ya kuletewa katika sahani ya watoto, nilimwona akimtazama baba yake kuhakikisha kwamba ameonekana.

Unaelewa sasa kwa nini ni vigumu kushindana na mahali kama hapo. Mpaka wa kihamba ni mstari wa masale, na ndani yake, katikati ya migomba, wamelala mababu wa mume wangu. Mtoto anacheza juu ya historia yake bila kufundishwa.

Lakini safari yenyewe, somo yangu, ndiyo iliyokuwa ikinichoma. Tunaondoka alfajiri kutoka kituo cha Mbezi, kwa tiketi ambazo usipozitafuta Novemba utazikuta zimepanda bei au zimekwisha. Tangu mwaka 2023 mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku, na mume wangu angependa tulale njiani ili tuamkie Himo, ila mimi nimeshikilia safari ya mchana ili watoto waone nchi. Wanaiona Chalinze, wanaiona Mkata na Kabuku, mikonge inaanza kujipanga, halafu tunafika Segera. Hapo barabara inagawanyika, kulia Muheza na Tanga, kushoto Korogwe na kwenda juu. Kwetu ni mwendo mfupi tu kutoka pale, na kila mwaka basi lilikuwa linashika kushoto. Watoto wanajua kwamba baada ya Mombo kuna milima ya kutazama upande wa kulia, na kwamba tukiingia Same na Mwanga baba yao ataanza utani wake na Wapare waliomo ndani ya basi, kuwa Mpare huuza ng'ombe ili aendeshe kesi ya kuku, na Wapare nao watamjibu ipasavyo kuhusu Wachagga na fedha. Juu ya Segera walijua kitu kimoja tu, kwamba Mama hunyamaza.

Aliyevunja ukimya huo ni baba mkwe wangu, mtu ambaye nisingemtazamia hata kidogo. Desemba ya mwaka juzi, jioni ya siku ya pili baada ya Krismasi, alikuwa akiwazungusha wajukuu shambani na kuwaonyesha kaburi la huyu na la yule. Kisha akamgeukia mdogo, yule mwenye jina la mama yangu, akamwuliza kama amewahi kuonyeshwa kaburi la babu yake wa Muheza. Mtoto akasema hapana. Mzee akamwita mume wangu pale pale, na kwa kuwa walizungumza Kichagga sikupata kila neno, lakini mume wangu alirudi ndani na uso wa mtu aliyekaripiwa akiwa na watoto watatu. Kwa hesabu ya mzee, mtoto asiyejua kaburi la babu mzaa mama ni mtoto aliyefichwa kitu, na aibu ya kuficha inamwangukia mwenye ukoo. Mimi nilikuwa nimetafuta hoja za kisasa kwa miaka, za haki ya mama na usawa, kumbe hoja iliyofaa ilikuwa imelala migombani.

Basi safari hii tulikwenda Marangu mapema, tukala Krismasi, na wakati wa kurudi tulishuka Segera na mizigo yetu yote, tukapanda gari dogo la Muheza. Nilimweleza kijana kwamba njia tuliyopita ni ya zamani kuliko anavyodhani, kwa sababu reli ya Wajerumani ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893 na kufika Moshi mwaka 1911, hivyo mwanzoni mtu wa Kilimanjaro aliyetaka kwenda mbali kwa treni ilimlazimu apite kwetu kwanza. Jambo hilo lilimfurahisha kupita kiasi na sasa analitumia katika ubishi na binamu zake. Treni ya abiria iliyorudishwa mwaka 2019 kati ya Dar es Salaam na Moshi haipiti Muheza, maana kipande cha kutoka Ruvu kinaungana na reli ya Tanga pale Mnyusi, na hilo pia nililieleza, kwa uchungu kidogo.

Mama alikuwa amekaa barazani tangu asubuhi. Alimwita mdogo "somo" kabla hajamwita jina, na tangu hapo wawili hao hawakutengana. Tulikula bada, ugali wetu wa muhogo, kwa kisamvu cha nazi, chakula ambacho watoto wangu walikitilia shaka siku ya kwanza na kukigombania siku ya pili. Tuliwapeleka Magila, tukasimama kwenye kaburi la baba yangu karibu na kanisa la mawe walilolijenga wamisionari wa UMCA, misheni ya Kianglikana, katika karne ya 19, na mume wangu, Mlutheri wa kuzaliwa, akaomba sala ndefu ambayo sikumtarajia awe nayo. Siku nyingine tulipanda Amani, ambako Wajerumani waliweka kituo cha utafiti wa kilimo mwaka 1902, na binti mkubwa aliona kwenye miamba yenye kivuli yale maua madogo ya zambarau ambayo watu wa Ulaya huyapanda katika vyungu madirishani mwao, na ambayo asili yake ni milima yetu hii. Alinilaumu kwamba sijawahi kumwambia. Nilimjibu kwamba mimi nimekua nikiyaona hayo kama magugu.

Halafu mdogo akang'oka jino. Lilikuwa limelegea tangu Marangu, na bibi yake wa kule alitaka kulimaliza kwa uzi, lakini mtoto alikataa katakata. Liling'oka lenyewe akila muwa uani kwa mama yangu, akalirusha juu ya paa la bati huku akiomba jipya, kama tulivyofanya mimi na wewe. Sasa anawaambia watu wote kwamba yeye ana mali Muheza.

Kwa hiyo jibu langu kwako ni hili, wala usilichukue kama sheria. Naona upande wenye desturi yenye nguvu hauhitaji kusaidiwa, utajishughulikia wenyewe. Upande mwingine hufa kwa ukimya wa mzazi, hasa sisi akina mama tulioolewa mbali, ambao tunaona haya kudai siku hata tatu za likizo. Wewe tatizo lako limegeuka kichwa chini, kwa maana watoto wako ndio wanaoikosa Newala wakiwa ndani yake. Ningekuwa wewe ningemwendea dada mkubwa wa shemeji, kwa sababu huko kwenu nadhani neno lake lina uzito kuliko la mumeo, nimwombe awachukue watoto shambani msimu wa korosho na kuwapa kazi kama anavyowapa wake. Habari ya unyago wa binti yako tutaizungumza ana kwa ana, kwani si ya kuandika.

Na hiyo ana kwa ana nimekwisha kuipangia wakati. Najua Desemba huwezi kutoka kwa sababu ya korosho, kwa hiyo njoo Juni, shule zikifungwa. Machungwa yatakuwa yamejaa Muheza mpaka yanauzwa barabarani kwa magunia, na mama amesema chumba cha uani ni chako na watoto wako. Lala kwangu Kimara usiku mmoja, tupande basi la Tanga pamoja. Niletee korosho zilizobanguliwa, zile ulizoleta mwaka wa harusi ya mdogo wako, na uniandikie mapema idadi yenu ili nikate tiketi.

Msalimie sana shemeji na wakwe zako wote.

Ni mimi somo yako.