Lupu haiishi, mnatuambia "zima uwashe"

Ndugu Mhariri,

Naomba kanafasi niongee na wanaofundisha JavaScript (lugha ya kuandikia programu za kurasa za mtandao) kwa wanaoanza, maana hii tabia ya kumwambia mtu "zima uwashe" kila lupu (kodi inayojirudia) ikigoma kuisha imenichosha, ukiwasha kosa bado liko palepale.

Mimi nilimaliza jioni nzima na kakodi ka mistari sita tu. Nilitaka namba 1 mpaka 10, 5 irukwe, basi. Nikaandika while (i <= 10), yaani rudia mpaka i ipite 10, ndani yake if (i === 5) continue; yaani ikiwa 5 iruke, halafu console.log(i) ya kuichapa, halafu i++ ya kuongeza moja, chini kabisa. Kuirani tu, tabu ya brauza ikaganda ikawa tabu kweli, ukibonyeza wapi, ukiskroo wapi, feni inalia. Nikajifanya mjanja nikaweka setTimeout juu ya lupu, eti baada ya sekunde 3 ibadilishe variabo fulani lupu ikiiona isimame. Thubutu! JavaScript inashika kazi moja moja, ile setTimeout inakaa foleni ingoje lupu imalize, na lupu yenyewe ndo haimalizi. Ndo maana hata mabatani yanakufa.

Kumbe mchawi ni continue, inarudi juu kabla i++ haijaguswa, kwa hiyo i ikifika 5 inabaki 5 mpaka kiama. Nikaifuta, nikaandika if (i !== 5) console.log(i); yaani chapa kama i si 5, na i++ ikakaa nje ya if, kila mzunguko lazima ipitiwe. Ikaisha fasta. Na ningetumia lupu ya for nisingeumia kabisa, huko continue inapitia i++ kwanza, sasa hilo mbona hamlisemi?

Wengine wanaumizwa na while (jibu = "ndiyo"), alama moja ya sawasawa hailinganishi, inaweka, so jibu ni ndiyo milele. Au unaanza 0 unaongeza 3 ukisubiri i !== 10 ikatae, inatoka 9 inaruka 12, ishapita hiyo.

Kwa dharura, kwenye Chrome ya Windows Shift+Esc inakuonyesha tabu ipi ya kuua. Ila mkija kufundisha while, mpeni mtu karatasi kwanza aandike i ya kila mzunguko: 3, 4, 5, 5, 5... ataliona mwenyewe kabla hajagusa kibodi.

Ni mimi,
Msomaji wenu, najifundisha mwenyewe